Pikapu ya dizeli na baridi kali: hita ya injini imekufa au siijui?

Msafiri_Kaskazini
Wakuu, salamu. Nina pikapu ya dizeli, na huku asubuhi kipimajoto kinasoma nyuzi -20. Chini ya bampa ya mbele kunaning'inia waya wenye plagi ya pini tatu, nikaambiwa ni wa hita ya injini, ile inayopasha injini joto kwa umeme wa nyumbani kabla ya kuwasha gari. Nimeuchomeka usiku kucha, lakini asubuhi stata inazunguka kwa shida, gari linatetemeka na moshi mweupe unajaa uani. Hita imekufa? Na kuiacha usiku kucha kuna madhara?

Fundi_Nozeli
Mkuu, injini haidhuriki, ila unalipia umeme unaopotea. Hita za magari ya namna hiyo nyingi ni za wati 750 hadi 1,000, na baada ya saa tatu au nne bloki (mwili wa chuma wa injini) haiongezeki joto la maana. Tafuta taima. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, iwake saa nane usiku.

Moshi huo ni dizeli ambayo haijaungua. Dizeli haina plagi za cheche, inawashwa na joto la hewa inayobanwa kwenye silinda, na chuma kikiwa cha baridi kinalinyonya joto hilo kabla mafuta hayajashika. Kwa hiyo ninavyoona hita yako haifanyi kazi.

Ichomeke, kisha tega sikio karibu na bloki. Hita nzima baada ya muda mfupi huvuma kama birika linalokaribia kuchemka. Kukiwa kimya, ichomoe na uweke mita ya kupima omu (ukinzani wa umeme) kwenye zile pini mbili za umeme. Ya wati 1,000 kwa umeme wa volti 120 itasoma karibu omu 14. Kwa volti 230, karibu 53. Pini ya ethi isiwe na mawasiliano na hizo mbili. Ikiwa nayo, tafadhali usiichomeke tena, gari zima linaweza kuwa na shoti.

Pimia nje kwenye baridi. Baadhi ya waya zina thamostati iliyofichwa karibu na plagi, haipitishi umeme mpaka baridi izidi. Watu wanatupa hita nzima kwa sababu hiyo.

Mama_Malori
Naongezea eksitensheni: iwe nene, ya kutumika nje, yenye ethi. Ishike baada ya nusu saa. Plagi ikiwa ya moto, iondoe. Na hita hiyo haifiki kwenye tangi! Dizeli ya kiangazi ikipata baridi hiyo inatoa nta na kuziba filta, hata bloki iwe na joto. Jaza dizeli ya majira ya baridi.

Msafiri_Kaskazini
Asanteni sana. Nimepima nje, mita haisomi kitu. Niagize hita mpya?

Fundi_Nozeli
Usiagize bado. Waya hutoka kwenye hita, uchomoe pale kwenye bloki upime hita yenyewe. Waya ndio unaopigwa na chumvi ya barabarani, mara nyingi tatizo liko hapo na ni rahisi kubadilisha. Ikibidi kubadili hita, maji ya rejeta (kipoozeo), ambayo hita hukaa ndani yake, yamwagwe injini ikiwa imepoa, na usiichomeke mpaka uyajaze na kutoa hewa yote. Ikiwaka kavu inaungua papo hapo.