Disemba nakwenda Uingereza, magofu na pwani yao nipigeje picha?

mtoto_wa_mtoni
Assalaam alaykum wapenzi wa picha. Mie napiga majengo hapa mjini Unguja, milango, vibaraza, magofu ya Maruhubi, kamera ya kawaida tu na lenzi ilokuja nayo ya 18-55. Sasa inshaallah Disemba nakwenda kwa dada angu Southampton, tiketi nshakata, na sitaki kukaa ndani nikinywa chai kutwa, nataka nizunguke nipige yale majumba ya kale na yale majabali meupe ya baharini tunayoyaona kwenye kalenda. Shida kila nnaemuuliza ananambia Disemba kule kiza na mvua, utarudi na picha za kijivu, bora ungengoja Juni. Ni kweli? Na je mtu unaruhusiwa kusimama tu ukapiga nyumba ya watu au utaitiwa polisi? Kuna droni ya rafiki angu, niichukue au niiache? Gari sina na dada kutwa yuko kazini.

Shangani_Lenzi
Waalaykum salaam yakhe. Hao wanaokwambia Juni sijui kama wanapiga picha. Juni kule jua linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri na linazama saa tatu na ushei usiku, sasa huo mwangaza mzuri wa asubuhi utaufata na basi gani? Disemba linatoka saa mbili, wewe ushakunywa chai yako, na saa kumi jioni linazama. Tena kubwa zaidi ni hili, hapa kwetu Disemba saa sita mchana jua liko utosini, ukipiga ukuta wa Ngome Kongwe unatoka bapa hauna kivuli. Kusini mwa Uingereza mwezi huohuo jua likipanda mwisho wake ni nyuzi 15 au 16 tu, linapita chini ubavuni mwa jengo siku nzima na kila jiwe linatoa kivuli chake. Ule mwangaza wa jioni tunaoukimbilia Forodhani ukizubaa kidogo tu ushakwisha, kule unao kutwa. Sharti jua lenyewe liwepo, hilo sikudanganyi.

Kwa hapo Southampton ulipo mie ningeanza na Corfe Castle, panda treni ya Weymouth ushuke Wareham, halafu basi la Swanage linakushusha hapohapo. Ngome iko juu ya kilima, Bunge lao liliilipua kwa baruti 1646 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mpaka leo minara imeinama upande upande vilevile ilivyoachwa na baruti. Usiishie kupiga ndani. Panda kilima cha jirani upande wa magharibi, asubuhi ya baridi isiyo na upepo ukungu unajaa bondeni na ngome inabaki juu peke yake. Ukishuka kijijini tazama kuta za nyumba, mawe mengi yametoka ngomeni, watu waliyabeba wakajengea. Wewe uliezoea Maruhubi hilo utalielewa haraka.

Mawingu yakitanda usirudi nyumbani, ikate mbingu kwenye picha, sogea karibu upige mawe, kuvu la ukutani, vitasa, makaburi ya kanisani. Rangi ya jiwe lililorowa na mvua jua kali haliwezi kukupa.

bi_kiponda
La ruhusa nikujibu mie maana nilisoma kule. Jengo ukilipiga ukiwa barabarani hakuna wa kukuuliza, sheria yao ya hakimiliki ya 1988 inasema wazi kupiga picha ya jengo na kuitoa si kosa. Lakini adabu ni adabu, usende kumganda mtu dirishani, vile vijiji vya Cotswolds vya mawe ya rangi ya asali watu wanaishi mle na wageni wamewachosha. Kitu kingine uzuri wake mtu wa huku haamini mpaka aone, kuna njia za miguu za umma zinakatiza katikati ya mashamba ya watu, kibao kipo, unafungua geti unapita unalifunga, mwenye shamba hana neno.

Droni iache. Majumba mengi ya kale na kipande kikubwa cha pwani viko chini ya National Trust, jumuiya iliyoanza 1895, hiyo Corfe yenyewe ni yao, na kwenye ardhi yao hurushi droni bila ruhusa. Picha zako za kawaida za nje piga utakavyo, ila ukitaka za kuuza kaombe kwanza.

pwani_ya_wete
Mnamwambia jua tu, hamumwambii maji, na anakwenda pwani! Bamvua ni bamvua hata Uingereza, mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanatoka mbali yanarudi kwa kishindo. Hapo Southampton kuna kioja, maji yanajaa mara mbili kwa mfululizo, yanafika juu, yanatulia, yanajaa tena ndo yanakupwa. Kaskazini kiko kisiwa cha Lindisfarne, barabara yake inafunikwa na bahari mara mbili kwa siku, na kila mwaka wako wajuaji wanaacha gari imezama wanapanda kile kibanda cha miguu mirefu wakingoja kuokolewa. Kwa hiyo kabla hujatoka kwa dada tazama jedwali la maji kwanza.

Majabali meupe unayoyasema ni Seven Sisters. Picha ya kalenda haipigwi juu yake, inapigwa ng'ambo ya mto Cuckmere upande wa Seaford, nyumba ndogo za walinzi wa pwani ziko mbele na majabali nyuma. Ukingoni usikaribie hata kama umewaona Wazungu wamekaa wananing'iniza miguu. Ile ni chaki, bahari inaila chini na juu unabaki ukingo unaning'inia kama roshani isiyo na nguzo, siku yoyote unaporomoka. Mnara wa Belle Tout hapo jirani ilibidi 1999 wausogeze mzimamzima mita 17 kuikimbia bahari.

mtoto_wa_mtoni
Mashaallah, mmenifungua macho. Basi droni inabaki. Baridi je, kamera haitaharibika? Huku lenzi zangu zishaingia kuvu kwa joto na chumvi.

Shangani_Lenzi
Baridi haina neno, betri ndo linakufa haraka, la akiba liweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Hatari iko ukirudi kwa dada ndani kuna joto, lenzi inatoka jasho. Itie kamera kwenye mfuko wa plastiki uufunge ungali nje, ingia nao ndani, uufungue kamera ikishatoka ubaridi.

Na kwa vile ni Disemba angalia pia Durdle Door, lile jabali lenye tundu baharini, hukohuko mkoa wa Dorset iliko Corfe. Kipindi hicho cha mwaka jua linapotoka linapita ndani ya tundu, Juni hulipati hilo. Ila utakuta wapiga picha na stendi zao za kamera wameshapanga safu tangu kiza.

bi_kiponda
Na tarehe 25 usipange safari, treni hazitembei kabisa siku hiyo na mabasi karibu yote hayapo. Siku hiyo mpikie dada pilau.