Yule mzee mwenye ndevu na pointi zake za dakika ya mwisho AMENIVURUGA!

Ngumi Mkononi:
Wakuu, mods msiunganishe uzi huu na ule wa filamu za utotoni. Hapa tunaongelea DHULUMA.

Nimetoka sasa hivi kuangalia Harry Potter ile ya kwanza, ya 2001, na watoto wa dada yangu. Simtaji mtu, mnamjua, mwalimu mkuu wa ile shule ya wachawi. Ndevu hadi kiunoni, miwani ya nusu mwezi, sauti ya upole. Fisadi!

Nyumba za shule zinagombea kikombe cha pointi za mwaka, ukumbi umepambwa kijani, bendera za nyumba ya nyoka kila kona. Nyoka 472, vipenzi vya mzee 312, wa mwisho kabisa. WA MWISHO! Watoto wa watu wanashangilia. Mzee anawapongeza kwanza, anawaacha wafurahi weee, halafu eti kuna mambo ya juzi juzi hayajahesabiwa. Binti, 50. Rafiki, 50 za kucheza sataranji. Stelingi, 60. Sare, 472 kwa 472! Mzee hajatosheka, anamtafuta yule mtoto mpole, 10. Anapiga makofi, bendera zinageuka nyekundu. Mbele ya watoto wa miaka 11 ambao wameshashangilia!

Na hao watatu walikatwa 50 kila mmoja kwa kuzurura usiku. Wakaja kupewa 160 kwa kuzurura usiku. Yule wa 10 kapewa kwa kujaribu kuwazuia wasizurure usiku! Mzee kamlipa mwizi, kamlipa na mlinzi.

Nimelisema hili kwa sauti ya kawaida tu, katoto ka miaka tisa kananiambia, "Anko, si ukalale." Filamu nane, miaka kumi, kizazi kizima kimeharibiwa.

Kiroboto:
Kumbe mkuu ulikuwa nyumba ya nyoka. Pole. Ile kofia inayowagawa wanafunzi kwenye nyumba haikosei.

Shangazi wa Kideo:
Mtu mzima unalilia kikombe cha watoto wa kwenye muvi 😂😂 Huyo wa miaka tisa apewe 50 zake.

Fagio Chakavu:
Nakazia uzi, ila jipu lenyewe umeliacha. Ule mchezo wa angani! Goli moja pointi 10, timu nzima inahangaika. Stelingi yuko pembeni anafukuza kampira kenye mabawa, akikadaka ni 150 na mechi imeisha. Wale wengine wamepanda juu kupunga upepo?

Ngumi Mkononi:
Umeona eeh! Lakini hizo 150 angalau anazitolea jasho. Za mzee zimetoka mdomoni tu, tena ukumbi UMESHAPAMBWA!

Popo Mweupe:
Mimi mzee alinishinda ile ya nne. Anamvamia mtoto, anamtikisa, anamfokea kuhusu jina lililotoka kwenye kikombe. Kitabuni kauliza kwa utulivu kabisa.

Bi Mkorofi:
Huyo ni mzee mwingine, mkuu. Mwigizaji wa kwanza alifariki 2002.

Popo Mweupe:
Kufariki najua. Kwani aliyerithi hakuachiwa na kitabu?

Bi Mkorofi:
Kitabuni, kitabuni. Nyie mliosoma hamkaliki nanyi sebule moja.

Mtemi Asiyelala:
Kuna kile kidude cha kurudisha muda, filamu ya tatu. Binti kapewa ili awahi vipindi vinavyogongana. VIPINDI! Filamu inayofuata mtoto wa watu analetwa maiti uwanjani, baba yake analia, na hakuna hata mwalimu mmoja anayekikumbuka.

Ngumi Mkononi:
Wakuu turudi kwenye mada. 472!

Shangazi wa Kideo:
Mada gani?

Kiroboto:
Mimi nadai tiketi yangu. Kitabu cha mwisho kimoja, filamu mbili, 2010 na 2011. Hiyo ya 2010 watu wamenuna kwenye hema mpaka nikalala.

Mtemi Asiyelala:
Bora hema. Wale watoto wa kabatini, wa filamu ya Narnia, je? Wamepita kabatini wakatawala nchi ya huko hadi wakaota ndevu, wakatoka kabatini watoto tena, na maisha yanaendelea. Hakuna hata aliyepelekwa kupimwa akili.

Bi Mkorofi:
Kabati usiliguse. Yule simba nilimlilia mimi.

Ngumi Mkononi:
Jamani, bendera zilikuwa KIJANI...

Fagio Chakavu:
Bi Mkorofi, unamliliaje simba aliyefufuka asubuhi yake?

Bi Mkorofi:
Nililia usiku, kabla hajafufuka. Ulitaka nisubiri?