Arobaini Bukoba, Ebola Kampala: niende au nibaki?

Kutoka: Mama wa Bweyogerere
Jumanne, 4 Februari 2025

Asalamu aleikum na habari za jioni, Watanzania wenzangu wa Kampala, Entebbe, Jinja na kwingineko.

Nimekwama, naomba akili zenu. Arobaini ya shangazi aliyenilea inasomwa Bukoba Jumamosi ya tarehe 22. Tiketi sijakata, ila nguo za watoto nimeshafua. Sasa Alhamisi iliyopita Wizara ya Afya ya hapa imetangaza Ebola, na safari hii siyo huko vijijini, ni Kampala hii hii, muuguzi wa hospitali ya Mulago amefariki. Na kule nyumbani Mama Samia ametangaza ugonjwa wa Marburg Biharamulo, mkoa ule ule wa Kagera, tangu tarehe 20 Januari. Yaani huku kaa, kule moto. Mume wangu anasema nisiende, dada yangu wa Bukoba anasema nisipokwenda nisimpigie simu tena.

Maswali yangu: mpaka wa Mutukula unapitika? Nikifika Bukoba nikasema natoka Kampala, watanifungia mahali siku 21? Na watoto, mmoja ana miaka tisa na mwingine mitatu, niwabebe au niwaache? Halafu hapa tunapokaa bomba ni moja kwa vyumba kumi na viwili. Kila mtu anashika koki ile ile. Tunafanyaje?

Kutoka: Dereva wa watalii, Entebbe
Jumanne, 4 Februari 2025

Pole na msiba, dada.

Mpaka uko wazi. Jana usiku nimeongea na mwenzangu anayepeleka mizigo Bukoba, anapita Masaka, Kyotera, Mutukula kama kawaida. Kinachochelewesha ni foleni ya kupimwa joto. Kadi ya homa ya manjano usiisahau, hiyo inaulizwa Ebola iwepo isiwepo.

Wengi wakisikia Ebola wanakumbuka Mubende, wanadhani kesho tutafungiwa. Mubende mwaka 2022 ilikuwa kitu kingine. Ilitangazwa 20 Septemba, na kufikia katikati ya Oktoba ugonjwa ulikuwa umetapakaa vijijini, ndipo Rais akafunga wilaya za Mubende na Kassanda kuanzia tarehe 15 Oktoba mpaka 17 Desemba. Ilipotangazwa kwamba imekwisha, 11 Januari 2023, waliothibitishwa kuugua walikuwa 142 na kati yao 55 wamekufa. Safari hii hakuna wilaya iliyofungwa na shule zinaendelea.

Mimi wakati ule nilikuwa na wageni wa kwenda kuona sokwe Kibale. Barabara ya Fort Portal inapita Mubende katikati. Magari ya kupita yaliruhusiwa, mradi usisimame. Lakini mgeni akifungua ramani kwenye simu akaona jina lile lile alilolisikia kwenye taarifa ya habari, we mweleze mpaka kesho. Niliwazungusha Mbarara. Siku nzima ndani ya gari, mafuta yangu, na bahashishi sikuona.

Juzi familia moja imeniandikia kufuta safari ya Machi ya kuona gorila Bwindi. Kutoka Kampala mpaka Bwindi ni zaidi ya kilomita 400. Ni sawa na mtu afute Ngorongoro kwa sababu ya kuhara kwa Dodoma. Na kibali cha gorila siku hizi ni dola 800 kwa mgeni wa nje, siyo hela ya kuchezea. Nimewaomba wasifute, wasogeze mbele tu. Wananiuliza bima. Bima yao, kampuni sitaitaja, imewajibu kwamba "hofu" haimo kwenye orodha ya vitu wanavyolipa. Kwa hiyo mgeni anaumia, mimi naumia, mpishi wa loji anaambiwa akapumzike kwao. Virusi havijafika Bwindi lakini njaa yake imeshafika.

Cha kuchekesha ni kwamba kule porini ndiko tulikuwa na usafi kabla ya mjini. Kumwona gorila unavaa barakoa, unakaa mita kumi, unanawa kabla ya kuingia msituni, na ukiwa na mafua hupandi. Tunamlinda yeye dhidi yetu, maana maradhi yetu yanamuua. Ila kwa popo ni sisi wa kulindwa. Pango la chatu kule Maramagambo, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi aliingia kuangalia popo, akarudi kwao na Marburg, akafa. Mimi mgeni akiniomba pango namwambia tukaangalie viboko.

Kutoka: Muuguzi mstaafu, Ntinda
Jumatano, 5 Februari 2025

Mwanangu wa Bweyogerere, pole sana. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Nimekaa Uganda tangu miaka ya tisini, na Ebola ya kwanza kuisikia hapa ni ile ya Gulu mwaka 2000. Waliugua watu 425, wakafa 224. Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa akiongoza hospitali ya Lacor, alikufa nayo tarehe 5 Desemba mwaka ule. Wauguzi wenzetu walikufa kabla yake. Kwa hiyo mimi siyo mtu wa kusema "msiogope". Nasema ogopeni kitu chenyewe.

Kitu chenyewe ni majimaji ya mwili wa mtu ambaye tayari anaumwa: matapishi, kuhara, damu, jasho, na zaidi ya yote maiti. Dalili huchukua siku 2 mpaka 21 kujitokeza, na mtu ambaye hajaanza kuumwa haambukizi. Haipepei hewani kama korona ilivyokuwa. Aliyekaa nyuma yako kwenye basi akipiga miayo siyo tatizo lako. Tatizo ni jirani anayetapika usiku wa manane, na wewe kwa huruma unamfutia uso kwa khanga yako, kisha asubuhi unajifunga khanga ile ile.

Ndiyo maana inatumaliza sisi wanawake na wauguzi. Inapita njia ya huruma.

Sasa hiyo arobaini. Arobaini siyo mazishi. Shangazi alizikwa siku nyingi, hakuna maiti ya kuoshwa wala kubusiwa. Utakaa mkekani, utasoma, utakula wali, utarudi. Biharamulo ni mbali na Bukoba mjini, na mbinu za Marburg ni hizi hizi za Ebola, ni binamu. Ingekuwa unakwenda kumzika mtu aliyekufa kwa homa isiyojulikana ningekukataza kwa sauti ya juu. Kwa hili, nenda, lakini nenda peke yako. Mtoto wa miaka mitatu anaweka kila kitu mdomoni, na akipata homa ya kawaida tu njiani, malaria au meno, mtashushwa wote na kupelekwa kupimwa, na watakuwa sahihi kufanya hivyo. Kukufungia siku 21 ni kwa mtu aliyegusana na mgonjwa, siyo kila aliyetoka Kampala.

Koki. Sabuni inatosha. Nasema tena, kipande cha sabuni ya mche kinatosha, virusi hivi vina ngozi ya mafuta na sabuni inaipasua. Wekeni akadomola getini, lile dumu dogo la lita tano, mtoboe tundu chini, mzibe kwa kijiti. Kwetu Tanzania tunafunga na kamba ya kukanyaga tunaita kibuyu chirizi, ni bora zaidi maana hushiki kitu. Sabuni itieni ndani ya soksi ya nailoni mfunge kwenye dumu, haitaibiwa na haitaanguka matopeni. Maji ya kunawia yaende kwenye changarawe, kusiwe na dimbwi la watoto kuchezea.

Jiki, ile dawa ya madoa yenye klorini, ni ya sakafu na vyombo vya mgonjwa, siyo ya kuogeshea watoto. Jana nimemwona mama mmoja hapa jirani anamsuuza mwanawe miguu kwa Jiki tupu, ngozi imeanza kubabuka, na ngozi iliyobabuka ni mlango. Soma chupa: ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji kinatoa ile asilimia 0.5 ya kufutia matapishi. Changanya asubuhi, kesho yake mwaga, nguvu inaisha. Na usiichanganye na sabuni ya choo wala dawa nyingine, moshi wake utakukaba koo.

Glovu zisizotupwa ni uchafu unaotembea. Nimewaona makonda wa taksi, yaani daladala za hapa, wamevaa jozi moja tangu alfajiri, wanapokelea hela, wanashikia mlango, wanakulia rolex, ile chapati ya mayai.

Kuhusu chanjo, maana nimeulizwa na watatu kwa simu: ile iliyotumika Kongo, Ervebo, ni ya Ebola aina ya Zaire. Hii ya kwetu ni aina ya Sudan, haina chanjo iliyoidhinishwa. Majaribio ya chanjo yameanza hapa Kampala juzi Jumatatu, kwa waliogusana na wagonjwa, na wameyapa jina la Kiswahili, Tokomeza. Siyo ya kwenda kupanga foleni.

Jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa. Ukipata homa ndani ya siku 21 baada ya safari, kituo cha kwanza utakachofika sema ulikopita na uliowashika. Usifiche. Ebola inaanza kama malaria, kichwa na uchovu, ndiyo maana mtu anazunguka. Kwa taarifa ya Wizara, marehemu wa Mulago alipita zaidi ya kituo kimoja na kwa mganga wa kienyeji kabla hajagundulika. Simlaumu, alikuwa anatafuta kupona. Lakini kila mlango alioingia sasa una watu wanaohesabiwa siku.

Kutoka: Wa Kikuubo
Jumatano, 5 Februari 2025

Shikamoo Bibi Muuguzi. Mimi nimechoka na salamu tu. Baganda wakisalimiana wanashikana mkono mpaka wamalize habari za ng'ombe. Sasa nikiweka mkono kifuani wateja wananiuliza kama nimeokoka.

Taarifa ya soko: sanitaiza imeshaanza kupanda bei hapa sokoni Kikuubo, na nyingine ni maji yenye harufu. Ikikauka haraka mkononi na kuacha ubaridi, kuna spiriti humo. Ikinata, mmepigwa. Na helmeti za bodaboda, jamani, beba kitambaa chako cha kichwa.

Kutoka: Mama wa Bweyogerere
Jumatano, 26 Februari 2025

Wapendwa, nimerudi juzi Jumatatu. Nawapa mrejesho kama nilivyoahidi, maana wengine mna safari.

Nilikwenda peke yangu, Alhamisi usiku. Basini kondakta alikuwa na chupa ya kunyunyiza, kila anayepanda anatoa viganja. Mzee mmoja alikataa, akasema yeye ana udhu. Kondakta akamwambia, "Mzee, na mimi nina abiria." Basi zima likacheka, mzee akatoa mikono.

Mutukula tulifika bado giza. Unashuka, unanawa kwenye tangi lenye klorini (harufu inakaa mikononi mpaka Kyaka), halafu unapita kwa binti mwenye kipima joto. Mimi 36.4. Dada aliyekuwa mbele yangu 37.9, na alikuwa amejifunika shuka njia nzima, pengine ni joto la shuka tu. Walimweka kwenye benchi pembeni, wakampa maji, wakampima tena baada ya nusu saa: 36.9. Hakuna aliyepiga kelele. Ila ile nusu saa watu wote waliokuwa wamekaa karibu naye tulikuwa tunahesabu nani aligusa shuka lile. Mimi nililigusa, lilinidondokea Masaka nikamrudishia. Siwezi kuwaficha, nilisali.

Fomu inauliza umetoka wapi, ulimhudumia mgonjwa, ulihudhuria mazishi. Nikaandika Kampala, hapana, hapana. Wakaniachia.

Kule msibani dada zangu walikuwa wameshapanga. Mlangoni ndoo mbili na sabuni, na shehe alianza kwa kusema leo hakuna kupeana mikono, mkono kifuani na Mungu anaona. Kikao cha kwanza kilikuwa kigumu. Mama mdogo alinijia mikono wazi analia, nikarudi nyuma hatua moja. Uso wake sitausahau. Mpaka nimeondoka Jumapili jioni hajaniongelesha vizuri, na hata niliposema "Mama mdogo, nimetoka Kampala, ninakulinda wewe" aliitika tu "haya". Bibi Muuguzi, hilo la huruma ulilisema, lakini hukusema linauma hivi.

Nilipofika Kampala nikasikia wale wagonjwa wanane wa Ebola walioruhusiwa kutoka hospitali tarehe 18 wako majumbani. Alhamdulillahi. Ila bado hesabu ya siku 42 bila mgonjwa mpya ndiyo itakayosema imekwisha. Mume wangu anaiita arobaini ya Ebola. Na mimi siku zangu 21 nimezichora kwenye kalenda ya jikoni, zinaishia 17 Machi. Kila jioni tunafuta moja.

Akadomola la getini limesimama. Mpangaji wa chumba cha nane alilikejeli wiki nzima, sasa ndiye anayelijaza alfajiri. Lililonishinda ni soksi: tumepoteza tatu. Mtu anaiba sabuni pamoja na soksi.

Nimekuja na kahawa ya kutafuna ya Bukoba, kikapu kimoja. Anayetaka apitie Bweyogerere jioni yoyote. Ila mlinzi wa getini ana miaka tisa, ananawisha hata baba yake mara mbili, na hongo hapokei.