Programu ya kuchungulia diski inakula RAM kuliko databesi, na ukiishiwa inauawa databesi!

Wakuu, leo mnivumilie, nimefura.

Seva ina RAM GB 16 na kazi yake ni moja, databesi. Pembeni kuna ile programu ya kusimamia diski iliyokuja na kadi ya RAID (ile inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja). Inachotakiwa kufanya ni kuangalia diski nne na kupiga kelele diski moja ikifa. Mlinzi wa getini, basi.

Juzi usiku databesi ikazimika. Asubuhi nafungua logi, nakuta kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) ndiyo imeiua, RAM imekwisha. Nani kaimaliza? Mlinzi! Kajilia GB 9 peke yake.

Nikajiuliza, mbona hakuuawa yeye mwenye tumbo kubwa? Hapa ndipo damu ilipochemka. Walioitengeneza wameiwekea oom_score_adj (namba inayoiambia kerneli nani auawe kwanza RAM ikiisha) ya -1000, yaani kerneli imekatazwa kuigusa kabisa. Walijua wenyewe inakula, wakaikinga, wakaacha wa jirani wafe!

Nikiizima na kuiwasha inaanza na MB 300, halafu kila siku inaongeza karibu nusu GB. Diski ni zilezile nne. Inakumbuka nini?

Nikawaandikia. Jibu: "Hiyo ni kashe, Linux hutumia RAM iliyo wazi." Jamani, msinifanye mtoto. Kashe ya faili (nakala za faili zinazohifadhiwa kwenye RAM) naijua, kwenye amri ya free inakaa safu ya buff/cache na kerneli huirudisha ikihitajika. Hii iko kwenye RssAnon ya prosesi yao (RAM iliyojichukulia yenyewe, si ya faili), hairudi mpaka uiue. Nikawatumia namba za siku kumi. Jibu la pili: ongeza RAM. Niongeze RAM ili niangalie diski nne!

Kwa sasa nimeigeuza -1000 kuwa 0 kwenye systemd (msimamizi wa huduma za Linux), nikaweka MemoryMax=1G (isipite GB 1) na Restart=always (ikifa iwashwe tena). Inakufa na kufufuka kila baada ya siku moja na nusu hivi. Databesi imetulia, ila kila ikifufuka inanitumia barua pepe kwamba diski zote nne "zimegunduliwa upya". Ndiyo, hizohizo.

Kuna anayesoma hali ya diski kwa smartctl tu (amri ya kusoma afya ya diski), kupitia kadi ya RAID, bila huyu mlafi? Naomba mnipe amri mnazotumia, nimfukuze leo hii.