Nimekosa kufika mahakamani siku ya kesi, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, nina jambo linaninyima usingizi. Niko nje kwa dhamana, kesi ilikuwa tu ya kutajwa tarehe 11, mimi nikasoma 17. Ile karatasi niliandika mwenyewe kwa haraka pale kwenye korido huku nimeiweka kwenye paja, na moja yangu ya pili ina kijimkia juu, nikiiangalia hata sasa naona saba kabisa. Leo ndo shemeji ambaye ndiye mdhamini wangu kanipigia anafoka, anasema jina liliitwa mara tatu kimya, hakimu akatoa hati ya kunikamata na yeye anatakiwa ajieleze kwa nini asilipe ile bondi. Kwa kweli ana haki ya kufoka.

Sasa kuna jamaa ananiambia nitulie nyumbani mpaka wanifuate, mi naona huo ni ujinga maana nikikamatwa nitaonekana nilikimbia na dhamana ndo basi tena. Nafikiria kesho asubuhi niende mwenyewe na shemeji na hiyo karatasi, nimwone karani faili liitwe, niombe ile hati ifutwe. Je niende hivyohivyo au nitangulize wakili? Na aliyewahi kupitia hili, hakimu alikusikiliza au ulilala ndani kwanza? Maana sina hata barua ya hospitali ya kujitetea, na ya kufoji sitaki, nisije nikajiongezea kesi nyingine.