Mjadala: Watu wa Kusini tuondoe ugali mezani?

Mwanzisha mada, Mtwara mjini:

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naleta jambo lililoigawa nyumba yetu, na naamini si yetu peke yetu.

Dada yangu amepungua kilo 14 kwa miezi mitano. Ameacha ugali, wali, muhogo, viazi, chapati na sukari. Anakula mayai, samaki, nyama, parachichi na mboga za majani zilizoungwa kwa mafuta ya kutosha. Siku hizi anatembea hadi sokoni bila kuhema. Mama, mwenye miaka 67 na sukari ya siku nyingi, alipoyaona hayo akataka na yeye. Akanunua ratiba ya mlo kwa mtu anayeziuza kwa simu: acha wanga wote, funga saa 16 kila siku. Siku ya tatu tulimkuta jikoni ameketi chini, jasho linamchuruzika, anajibu yasiyoulizwa. Tukampa maji ya sukari funda kwa funda, maana alikuwa bado anaweza kumeza, akazinduka. Vidonge vyake vya glibenklamidi alikuwa akiendelea kuvimeza kama kawaida, na kidonge kile kinaisukuma kongosho itoe insulini, umekula hujala. Ratiba haikumuuliza anatumia dawa gani.

Tangu siku ile nasoma kila ninachokipata. Hoja yangu naiweka mapema ili mnaonipinga mjue pa kuanzia: kupunguza wanga kunawafaa wengi wetu, kuuondoa kabisa kunawafaa wachache, na anayetumia dawa za sukari asiguse chochote kabla ya kuonana na daktari wake.

Mlo huu wenyewe si wa jana. Mwaka 1863 William Banting wa London alichapisha kijitabu akieleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari na viazi. Keto, yaani mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo mno, ilitengenezwa miaka ya 1920 huko Marekani kwa ajili ya wenye kifafa, na hadi leo watoto ambao dawa zimewashinda hupewa, wakiwa chini ya uangalizi wa madaktari. Inadai wanga usizidi gramu 50 kwa siku, wengine husema 20, ili ini lianze kuyageuza mafuta kuwa ketoni na mwili uendeshwe kwa hizo. Sahani moja ya ugali wa kushiba inavuka kiwango hicho. Hata korosho zetu, ambazo wanaofuata keto wanazitafuna wakidhani ni mafuta matupu, zina wanga karibu gramu 30 katika kila gramu 100.

Je, anayekata wanga anapungua kuliko mwingine? Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2018. Watu 609 waligawanywa, wengine wapunguze mafuta, wengine wapunguze wanga. Baada ya mwaka mmoja kundi la kwanza lilikuwa limepungua wastani wa kilo 5.3, la pili kilo 6. Tofauti hiyo ni ndogo mno kumpa yeyote ushindi. Ila wote waliambiwa jambo moja: acheni sukari na unga uliokobolewa, kuleni mboga kwa wingi. Mimi nimesimama hapo.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

Kaka wa Masasi:

Pole kwa mama, na asante kwa kulisema wazi. Lakini dada yako usimwonee. Mimi nilikuwa na kilo 112, sukari imepanda, daktari ameniambia macho yako hatarini. Miaka minne niliambiwa "kula ugali kidogo." Kwangu mimi hiyo ni sawa na kumwambia mlevi anywe kidogo. Nikianza tonge la kwanza, la kumi nalifikia bila kujua. Nilipouacha kabisa ndipo njaa ya saa nne asubuhi ilipokoma.

Na nilianzia hospitali. Daktari alipunguza vidonge kwanza, mimi nikafuata kupunguza wanga. Uingereza mwaka 2017 walionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa sukari aina ya pili, waliougua kwa muda usiozidi miaka sita na wasiotumia insulini, sukari yao ilirudi chini ya kiwango cha ugonjwa baada ya mwaka, bila dawa. Hao hawakula keto, walikaa miezi kadhaa kwa kinywaji maalumu cha kalori 850 hivi kwa siku. Ninachokishika hapo ni kwamba ugonjwa tulioambiwa ni wa maisha unaweza kurudi nyuma mwili ukipungua sana. Mambo ya kidogo kidogo hayakunifikisha huko.

Na msiseme ni mlo wa matajiri. Parachichi linalotoka Njombe silinunui. Nakula mayai ya kuku wangu, dagaa, matembele, kisamvu cha karanga.

Mzee wa Newala:

Wanangu, sisi tumekua kwa ugali wa makopa (muhogo mkavu), mbaazi, ming'oko (viazi vya porini), mlenda na kisamvu. Sukari na presha tulizisikia kwa watu wa mjini. Leo kijana anapanda bodaboda kwenda shamba alilokuwa babu yake akiliendea kwa miguu, na akirudi anakunywa soda na chips. Halafu mnaulaumu muhogo! Rudini kwenye chakula cha asili, na jembe mlishike. Sioni cha kujadili zaidi.

Dada wa Lindi, nafanya kazi ya lishe:

Shikamoo mzee wangu. Sehemu kubwa ya neno lako ina ushahidi wa hapa hapa nyumbani. Utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2025 uliwachukua wanaume 77. Baadhi ya waliozoea vyakula vya asili walibadilishiwa kwa wiki mbili tu wakala vya mtindo wa kizungu, vilivyokaangwa na kusindikwa. Damu yao ikaonyesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka. Wa mjini waliopewa vyakula vya asili damu yao ilielekea upande wa nafuu, na baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwepo hata wiki nne baadaye. Wiki mbili, ndugu zangu!

Ila mzee, makopa nayo yana habari zake, na wewe unazijua kuliko mimi. Mwaka 2002 na 2003 mkoani Mtwara watu walipata konzo, ugonjwa unaolemaza miguu ghafla na usioponyeka. Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, na mwaka wa njaa watu hufupisha kuloweka na kukausha. Mwili usiopata protini ya kutosha hushindwa kuitoa sumu ile. Kwa hiyo ugali wa makopa ambao pembeni yake hakuna mbaazi wala dagaa siwezi kuusifia kwa kuwa ni wa asili. Unga wa muhogo mchungu uloweshwe maji, utandazwe mwembamba saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo upikwe siku hiyo hiyo. Sumu iliyobaki hupaa hewani.

Kaka wa Masasi, umefanya vizuri kuanzia hospitali. Lakini keto huwapa wengine choo kigumu, na wengine lehemu mbaya (kolesteroli) hupanda, kwa hiyo upime na damu, mizani peke yake haitoshi. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo wasiijaribu wenyewe nyumbani.

Mimi nikiulizwa niige mlo gani wa nje, ningetaja ule wa nchi za Mediterania, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2010. Watu wanafikiri ni mafuta ya zeituni. Ukiuangalia kwa karibu ni kunde, samaki, mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa na karanga za aina aina, na nyama mara chache. Hapa Lindi hatukosi pweza wala changu. Mbaazi tunalima. Ufuta tunausafirisha nje kwa magunia halafu tunanunua mafuta ya dukani. Kasoro zetu ni chumvi, maana ng'onda, samaki wetu mkavu, anayo nyingi na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema gramu 5 kwa siku zitoshe, na tui zito la nazi kila mchana, ambalo mafuta yake yanapandisha lehemu. Wanaoacha nyama, samaki, mayai na maziwa vyote, nao watafute vitamini B12, kwa kuwa mboga haina.

Mwanzisha mada:

Dada wa Lindi, asante sana. Hilo la konzo nililisikia nikiwa mdogo kama hadithi za watu wa shamba, sikujua lilikuwa jirani hivyo.

Kaka wa Masasi, mfano wako wa mlevi umenibadilisha kidogo. Nakubali wapo ambao kwao kuacha ni rahisi kuliko kupunguza, na dada yangu ni mmoja wao. Sitamwambia tena aonje ugali "kidogo tu."

Lakini kuna jambo hujaligusa, na ndilo linaloniuma. Nyumba yetu ina watu saba na sufuria moja. Dada alipoanza, mayai yakawa yake, samaki mkubwa akawa wake, kwa kuwa yeye ndiye "anayefuata mlo." Watoto wakabaki na ugali ule ule na mchuzi uliopungua vipande. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo, ilitokea tu sahani kwa sahani. Mwanangu wa miaka sita akaniuliza kwa nini shangazi anakula mayai matatu na yeye hana. Protini iliyokuwa ikigawanywa kwa watu saba ikahamia kwa mtu mmoja mzima, na wanaokua wakaachiwa wanga. Kwa nyumba za kipato chetu naona hasara ya keto inaanzia hapo, na haionekani kwenye mizani.

Sasa tunapika hivi. Mbaazi au samaki ndiyo sehemu kubwa ya chakula, mboga nusu sahani, ugali ni kiasi cha ngumi kwa mama, watoto wanachukua wanachotaka. Kliniki imembadilishia mama dawa. Anapima asubuhi na kuandika kwenye daftari la mjukuu wake. Dada bado hagusi ugali, ila mayai yanagawanywa kwa hesabu ya vichwa na yeye anajazia kwa mbaazi chache na dagaa. Anasema ameacha kupungua haraka, na hilo halimfurahishi. Bado tunabishana.

Kaka wa Masasi, kuku wako wanataga mangapi kwa siku, na watoto wako wanakula nini?