Mchumba anataka nikope kikoba nimlipie madeni kabla ya harusi. Naombeni ushauri

Binti wa Kihesa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina miaka 27, naishi Iringa, nahudumu kwenye duka la dawa. Mchumba wangu ni mwalimu wa sekondari ya serikali. Tulifahamiana kwenye kwaya ya vijana. Wazee walikubaliana mahari milioni moja na nusu, ameshatoa milioni moja, na harusi imepangwa Desemba. Vikao vimeanza.

Juzi nikiwa kazini uliingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Jina kamili la mchumba wangu limeandikwa kwa herufi kubwa, halafu: MWAMBIE ALIPE DENI LEO, WEWE NDIYE MDHAMINI WAKE. Sijawahi kumdhamini popote. Jioni nikamuuliza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema ana mikopo ya simu kwenye programu kadhaa, anakopa huku analipa kule. Sehemu ya hela iliingia kwenye mahari. Laki nne alitoa sadaka ya mbegu kwenye kongamano la maombi, aliambiwa apande kwa imani na madeni yatafutika.

Sasa anataka nikope kikoba milioni mbili kwa jina langu. Nina hisa za laki nane na kikundi chetu kinakopesha mpaka mara tatu ya hisa. Anasema tukishaoana hilo ni deni letu sote. Niliposita akaniambia sina imani naye wala na Mungu. Hapo ndipo usingizi uliponipaa. Nampenda, si mlevi, si mhuni, mama yangu alipolazwa alikuwa anakuja kila siku na uji. Nikikataa si nitakuwa nimemtupa kwenye shida? Nyumbani hawajui chochote.

Mpeni Sifa

Dada, mwenzako yuko vitani na wewe ndiye msaidizi wake. Usihesabu sana, hesabu huua imani. Soma 2 Wafalme 4, mjane aliyedaiwa mpaka mwia akaja kuchukua wanawe wawili. Alitii neno la nabii na mafuta yakaongezeka. Fungeni siku tatu pamoja, Mungu atafungua mlango.

Mama Wawili

Mpeni Sifa, asante kwa andiko hilo, ila tulisome lote. Elisha alianza kwa kumuuliza yule mama ana nini nyumbani. Hiyo ni hesabu. Na mafuta yalipopatikana, nabii hakudai fungu lake. Alimwambia akauze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Deni lilitajwa kwanza. Sasa niambie, ni nabii gani angemtuma mjane yule akakope kwa mwia mwingine ili alete sadaka?

Binti yangu, Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mtoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Ni waraka wa pili, sura ya 8, mstari wa 12. Usomeni wote wawili, taratibu, bila kugombana. Laki nne zile hazikuwa zake, zilikuwa za aliyemkopesha. Mimi ni msharika wa siku nyingi, natoa zaka na nitaendelea kutoa, lakini inaniuma sana kuona kijana anabanwa namna hii kwa jina la Yesu. Kuuliza "unadaiwa na nani, kiasi gani, lini" si kukosa imani. Unatakiwa kuulizwa maswali hayohayo na mchungaji wenu kwenye mafunzo ya ndoa.

Karani wa Mikopo

Niongelee hela, ndiyo kazi yangu.

Mtumishi wa serikali kwa kawaida hukopa benki, wanamfuata wenyewe mpaka shuleni. Ukiona amekimbilia mikopo ya simu, jiulize kwa nini benki haikumpa. Jibu huwa kwenye hati ya mshahara. Kama alisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi, asilimia 15 ya mshahara inakatwa huko. Ukiongeza mkopo wa benki na makato mengine, anafika kwenye theluthi moja ya mshahara ambayo haitakiwi kuguswa, na hapo hakuna benki itakayomwongeza. Kwa hiyo anapokwambia atarejesha kidogo kidogo kila mwezi, muulize kutoka wapi. Hati anaipakua mwenyewe kwenye simu, haichukui dakika tano. Uione kwa macho yako.

Halafu hizo programu. Nyingi unaomba laki tatu, wanakata ada mapema, unapokea pungufu, na baada ya wiki moja au mbili unatakiwa urudishe zaidi ya laki tatu. Ndiyo maana watu wanaiita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Alinganishe zake na orodha hiyo. Na ule ujumbe uliotumiwa usiufute, piga picha. Wanachukua majina yote kwenye simu ya mkopaji na kuyaita wadhamini. Wewe hukusaini kitu, hudaiwi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake, malalamiko ya namna hii yanapelekwa huko.

Kwenye kikoba ni tofauti. Pale utasaini, na wenzako wawili watatu watakudhamini. Mwalimu akikwama, hisa zako zinakwenda, kisha zao. Fikiria sura zao Jumamosi ya marejesho.

Kaka wa Kilolo

Wengi mtamwambia amkimbie. Mimi nasema tazameni pia jinsi alivyofika hapo. Kijana anaulizwa na ukoo mzima, "vipi, mahari lini?" Anaona haya kusema hana. Hakukopa akanywe pombe.

Lakini kukwambia huna imani, hapo amekosea na akuombe radhi. Mdogo wangu, mwite mshenga. Ndiyo kazi yake, si kupeleka barua na kuku tu. Laki tano iliyobaki isiwabane, Sheria ya Ndoa ya 1971 haiifanyi ndoa kuwa batili kwa sababu mahari haijalipwa. Mzee wako akielezwa kwa heshima anaweza kusema iliyobaki isubiri. Na ukumbi, keki, suti za kamati, punguzeni. Ibada na chakula nyumbani vinatosha.

Binti wa Kihesa

Nimesoma kila kitu, nimelia kidogo, Mungu awabariki.

Mama Wawili, tulisoma ule mstari pamoja. Alinyamaza, akasema hakuna aliyewahi kumwonyesha. Karani, jana tulikaa mezani kwa dada yake na daftari. Mimi nauliza, yeye anasoma kwenye simu, dada yake anaandika. Programu sita, si nne kama alivyoniambia. Jumla ni milioni mbili na laki saba. Hati ya mshahara nimeiona, kama ulivyosema, haina nafasi kabisa. Ameniomba radhi kwa lile neno la imani.

Nimemwambia sikopi kikoba. Ana pikipiki, amekubali iuzwe, na hela iende moja kwa moja kwa wanaomdai, dada yake akishuhudia. Masomo ya ziada ya likizo nayo ataanza kufundisha. Mshenga anakuja kwa baba Jumamosi. Desemba nadhani haitawezekana, na matangazo ya ndoa kanisani hayajaanza kusomwa, kwa hiyo bado tuna nafasi. Kama nitaolewa naye au la, sijui bado. Nataka kwanza nione miezi kadhaa bila mkopo mpya.

Mama Wawili

Umefanya vizuri binti yangu. Mama yako mwambie leo, usingoje mshenga, asije akayasikia mbele ya wageni. Na mwenyekiti wa kamati azuie kadi za michango, zikishafika kwa wajomba ni kazi kuzirudisha.